Chama cha kushona kwilti hapa Louisville: nakipa nyota nne, na sababu zake hizi hapa

Dada zangu mlioko huku Kentucky na hata majimbo ya jirani, wengi mmekuwa mnaniuliza kuhusu hiki chama cha kushona kwilti ninachoendaga, kama ni cha mabibi wa kizungu tu, kama ile ada inaenda kwenye kitu cha maana, kama mtu aliyezoea kushona magauni na sare za shule anaweza kuingia na akapata nafasi yake. Naona niandike mara moja hapa badala ya kumjibu kila mtu kivyake. Nakipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyobaki ntasema imeenda wapi, lakini kama una cherehani ndani na una mfuko wa mabaki ya vitenge umeufungia kabatini kwa sababu roho inauma kuutupa, nenda kajiunge.

Jina lake siliweki maana wenyewe hawajaniomba niwatangaze, anayetaka anicheki pembeni. Ila mjue huku kwilti ni jambo zito. Kentucky ndio jimbo ambalo mwaka 1981 watu walianza mradi wa kuzunguka na kurekodi kwilti za zamani za familia, nani alishona, lini, kwa kitambaa gani, na majimbo mengine yakafuata baadae. Kwahiyo wakina mama wa chama wakishika kwilti ya mtu wanaanza kuigeuza nyuma waangalie lebo, na wewe wanakufundisha mapema kabisa kwamba kazi isiyo na lebo haijaisha, andika jina lako, mwaka na mji, ushone pale nyuma kwenye kona.

Kwa asiyejua, kwilti ni lile blanketi la vipande vipande, juu umeunganisha vitambaa vidogo vidogo kwa pateni, katikati unalaza pamba nyembamba iliyotandazwa, chini kitambaa kizima, halafu unapitisha mshono kwenye tabaka zote tatu zishikane zisije zikahama, ukimaliza unazungushia utepe pembeni. Hiyo ndio kazi yote na inaweza kula miezi.

Ada ni dola 35 kwa mwaka. Kuna mkutano mmoja kwa mwezi jioni kwenye ukumbi wa kanisa, na kuna siku za kushona pamoja katikati ya mwezi. Uongozi wake ni kama VICOBA vyetu kabisa, vile vikundi vya kuweka na kukopa, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa, mapato na matumizi yanasomwa, mtu ananyoosha mkono kuuliza zile dola 40 za chai zimeendaje. Sehemu hiyo inachosha na inaweza kwenda karibu saa zima, ila kwakweli naiheshimu, maana hela ya watu inasemwa mbele ya watu.

Baada ya hapo ndio raha yenyewe. Kila aliyemaliza kitu anakuja nacho mbele, wenzie wawili wanashika kona wanakinyanyua juu, yeye anaeleza. Hakuna kinachochekwa. Nimeona binti mdogo kaleta mfuniko wa kochi umepinda upande mmoja na watu wamepiga makofi vilevile, halafu wakati wa chai bibi mmoja akamfuata taratibu akamwonyesha upindaji ulianzia mshono upi. Hapo ndipo nilipowapendea hawa watu. Kukosoa wanakosoa, na kwelikweli, lakini wanakufuata pembeni na wanakuja na rula mkononi.

Sasa niseme kuhusu mafunzo maana ndio kitu mnaulizia sana. Ukiwa fundi wa nyumbani unaingia na ujuzi wako, hilo halina ubishi, cherehani haikutishi, bobini unaijua, mkasi unaujua. Lakini kuna kitu kimoja lazima ukubali kuanza upya nacho, nacho ni robo inchi. Sisi tumezoea kuacha kitambaa cha kutosha ndani, mteja akinenepa gauni linaachiwa, ndio ufundi wenyewe huo. Kwenye kwilti kila mshono ni robo inchi, haizidi haipungui, na mwanzoni nilidhani ni ushamba wa kupenda vipimo mpaka walivyotukalisha wakatupigia hesabu. Chukua mstari wenye vipande 12, ina maana kuna mishono 11 ya kuviunganisha. Kila mshono ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi tu, yaani unene wa uzi mara chache hivi, inakula pande zote mbili, kwahiyo kila mshono unameza moja ya nane. Mara 11. Mstari wako umepungua karibu inchi moja na nusu, na mstari wa chini yake ulioshona siku umetulia haujapungua, ndio pale unakuta vipande havikutani na blanketi lina matumbo.

Wakakufundisha na jinsi ya kujipima. Kata vipande vitatu virefu, kila kimoja upana inchi moja na nusu, unganisha, piga pasi, halafu pima kile cha katikati. Kinatakiwa kiwe inchi moja kamili. Kisipokuwa hivyo usianze kazi, sogeza sindano au bandika tepu kwenye cherehani kama alama ya kufuatia. Hili zoezi la dakika tano nimelipeleka mpaka kwenye kushona kola za mashati.

Na pasi. Pasi ya kwilti unaibonyeza tu, unanyanyua unabonyeza tena, ukiisugua kama unapiga shati kitambaa kinavutika na vipimo vyote vimekwenda. Halafu mstari wa kwanza mishono yake unailaza kulia, wa pili kushoto, ukija kuziunganisha zinaingiliana zenyewe na kona zinakutana sawasawa, unasikia kwa kidole kabisa pale zinapofungana. Kuna bibi pale ana zaidi ya miaka themanini, macho yamepungua, anapitisha kidole gumba kwenye mshono anakwambia hapa imeruka, na ukiangalia ni kweli imeruka.

Vitambaa ndio shughuli. Pamba nzuri ya kwilti kwenye maduka madogo ya huku ni dola 12 mpaka 14 kwa yadi, wakati mwingine zaidi, na tangu JOANN, wale wenye maduka makubwa ya vitambaa na vifaa vya kushona, wafilisike wakafunga maduka yao yote mwaka 2025 wengi wetu tumebaki hatuna pale pa kukimbilia kununua zipu moja na uzi. Kwenye jambo hilo chama kimenisaidia kuliko nilivyotegemea. Kuna meza ya mabaki kila mkutano, mtu anamwaga asichokihitaji unachukua bure, na mwanachama akifariki au akihamia nyumba ya wazee familia yake inaleta makabati mazima ya vitambaa, vinauzwa kwa ratili kwa bei ya kutupa na hela inaingia kwenye chama. Nina vitambaa vya miaka ya themanini nilivyopata hivyo, pamba nzito ile ya zamani.

Na vitenge vyetu je? Hapa nitulie kidogo maana najua ndio swali la wengi. Mama mmoja siku za mwanzo aliniambia mbele za watu kwamba hizi nguo za kiafrika zinachuja rangi na zitaharibu kazi, na aliisema kwa namna ambayo haikunipendeza. Lakini kiongozi wa mafunzo hakuliacha lipite hivyohivyo, alileta beseni la maji ya moto, kipande cha kitenge, kipande cha khanga na kipande cha pamba yao wenyewe nyekundu ya dukani, akaviloweka kila kimoja na kitambaa cheupe. Nyekundu yao ilichuja kuliko kitenge changu. Khanga ilichuja kidogo. Tangu siku hiyo sheria ni moja kwa wote, kitambaa chenye rangi kali kinafuliwa kwanza kwa maji ya moto na zile karatasi za kunasa rangi, kitoke popote kitokako.

Niliyojifunza mwenyewe kuhusu vitenge na khanga kwenye hii kazi ni haya. Kitenge kipya kina ile gamu ya kiwandani, ukikikata kabla ya kufua utapima kitu ambacho kesho hakipo. Halafu kimefumwa kwa kubana, kwa cherehani hakina shida ila ukitaka kupitisha mshono wa mkono kwenye tabaka tatu utalia, sindano inagoma, vaa kastabini na uchague pamba nyembamba ya katikati. Khanga ni kinyume chake, nyepesi na inavutika ukikata kwa mshazari, kwahiyo ipige stachi nzuri ikauke ndio ukate. Na khanga ina faida moja ambayo wenzetu hawana, pindo lake tayari ni fremu. Nilikata pindo za doti moja nikazizungushia kwilti yangu pande zote nne, na ule mji wa khanga nikauweka katikati mzima bila kuukatakata, nikajaza vipande vya vitenge kati yao. Siku nilipoileta mbele, yule mama wa rangi zinachuja ndiye aliyeshika kona ya kulia, na baadae akaniuliza khanga zinauzwa wapi. Sa hivi ana mbili.

Mwezi mwingine walileta mgeni wa kuongelea kwilti za Gee's Bend, na kama unajiunga halafu ukasikia somo hilo linakuja usikose. Ni kijiji cha watu weusi kule Alabama, kwenye mzingo wa mto, wengi wanaitwa Pettway, jina la mwenye shamba aliyewamiliki babu zao utumwani. Wakina mama kule walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, majinzi, magunia, chochote, bila kufuata pateni ya mtu. Mwaka 1962 waliondolewa kivuko chao wakati watu weusi wanadai haki ya kupiga kura, ikabidi wazunguke mbali kwa barabara kufika mji wa upande wa pili, na kivuko hakikurudi mpaka 2006. Katikati ya hayo, mwaka 1966, wakina mama wa maeneo yale wakaunda ushirika wa kushona wakaanza kuuza kazi zao mpaka New York. Mwaka 2002 kwilti zao zikatundikwa makumbusho ya sanaa Houston, halafu zikaenda makumbusho ya Whitney kule New York, na 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu.

Moja niliyoonyeshwa kwenye picha haijanitoka. Ilishonwa mwaka 1942 na Missouri Pettway, mumewe amefariki, akachukua nguo zake za kazi akazikata akashona kwilti ili ajifunike nazo, amkumbuke. Ukiangalia kwa karibu unaona zile bluu zilizopauka kwa jua na vile vitambaa vilivyochoka. Sisi nguo za marehemu tunagawa, huyu shati huyu koti, kila ndugu anaondoka na kipande cha mtu wake. Nilikaa pale nikawaza shati la baba nililobeba kutoka Tanga, na nikaamua halivaliwi tena, linashonwa.

Na chama kina watu wanaojua kazi hiyo hasa. Fulana na jezi za mpira zinavutika, kwahiyo kabla ya kukata unabandika kwa pasi ile kanvasi nyepesi nyuma ndio unapata kipande kinachotulia. Shati la kawaida halihitaji. Mfuko wa shati usiutoe, uache palepale kwenye kipande chake. Hayo yote nimepewa bure, mtu kakaa na mimi jioni nzima.

Kazi za kujitolea ndio nyingi kuliko nilivyofikiria. Kuna vikwilti vidogo vya watoto njiti hospitalini, kuna mablanketi ya watoto wenye shida wanayoyapeleka kupitia Project Linus iliyoanza 1995, kuna ya wanajeshi kupitia Quilts of Valor iliyoanza 2003. Kuna na vitambaa vya mapajani kwa wazee waliopoteza kumbukumbu, vinashonewa zipu, vifungo, utepe, velkro, ili mikono ipate cha kufanya isihangaike. Hivi ndio napenda kushona zaidi, vinaisha kwa usiku mmoja na mabaki yote yanapata kazi. Majira ya baridi fulani walitoa kwilti kwa familia za Wakongo zilizokuwa ndio kwanza zimefika hapa mjini, mimi nikaenda kutafsiri, na mama mmoja wa Kivu akaigeuza ile kwilti nyuma na mbele akauliza ni mashine au ni mkono, nikajua huyu ni fundi. Yupo chamani sasa hivi.

Maonyesho yao ni kila baada ya miaka miwili. Ukiwa mwanachama unapangiwa zamu, na zamu nzuri kuliko zote ni ya glavu nyeupe. Unavaa glavu, unatembea ukumbini, mgeni akitaka kuona nyuma ya kwilti yeye haruhusiwi kugusa, anakuita wewe unamfunulia. Utajifunza zaidi kwenye zamu hiyo kuliko kwenye semina maana unaona migongo ya kazi zote, mafundo, mishono iliyofumuliwa na kurudiwa.

Aprili wanakodi basi kwenda Paducah, magharibi kabisa ya jimbo, zaidi ya saa tatu barabarani na ukifika saa inarudi nyuma saa moja. Kuna makumbusho ya taifa ya kwilti yaliyofunguliwa 1991, na wiki ya kwilti mji ule wa watu kama 27,000 unajaa wageni mpaka hoteli za miji ya jirani. Tangu 2013 UNESCO wameuweka kwenye orodha yao ya miji ya ubunifu kwa ajili ya sanaa za mikono. Nenda, ila nenda na bajeti uliyoifunga kwenye bahasha, kule wauzaji wamepanga mashine na vitambaa utasahau kodi ya nyumba.

Haya, ile nyota niliyoinyima. Siku za kushona pamoja ni katikati ya wiki saa nne asubuhi. Wengi wetu saa hiyo tuko kazini au ndio tumetoka shifti ya usiku tumelala, kwahiyo kwenye ada ileile mstaafu anapata mara mbili ya ninachopata mimi. Tumeomba Jumamosi moja kwa mwezi, wamesema watalijadili, na kwa haki niseme mwezi uliopita lilisomwa kwenye muhtasari, ila bado. La pili ni watoto. Hakuna pa kuwaweka, na mama mwenye mtoto wa miaka mitatu hawezi kuja na vile visu vya kukatia vya mviringo viko mezani, ni wembe kabisa vile. Chumba kimoja na dada mmoja wa kuwaangalia vingetosha, na ukumbi una vyumba vitupu.

La tatu ni gharama ambazo hazisemwi mwanzoni. Ada ni 35 sawa, lakini semina za wageni unalipia, vifaa vya semina unalipia, na ukimaliza kuunganisha vipande ukataka mwenye mashine kubwa akupitishie mshono wa juu, wanahesabu kwa inchi za mraba. Blanketi la inchi 60 kwa 80 ni inchi 4,800, kwa senti mbili na nusu kila inchi ni dola 120, na pamba ya katikati hujaweka. Mtu akuambie mapema. Mimi napitisha mwenyewe kwa cherehani ya nyumbani, mistari iliyonyooka, nimelikunja blanketi pande zote mbili kama mkeka, inawezekana ukiwa na meza ya kulibeba uzito.

Kiingereza kisiwatishe. Wanaongea haraka na wana majina yao ya ajabu ya vipimo, ila mkono ukionyesha kitu hauhitaji maneno, na wakishajua unashona wanakuja wenyewe na maswali. Mama wa Kivu niliyemtaja anaongea Kiswahili na Kifaransa tu na ndiye anayekatia meza nzima sasa hivi kwa sababu hakuna anayemfikia kwa kunyoosha.

Mara ya kwanza unaingia bure kama mgeni, hakuna atakayekushika mkono ulipe. Beba mkasi wako wa vitambaa uliouandika jina, kipande chochote ulichowahi kushona hata kama ni mto, na mfuko mtupu. Mkutano unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni lakini fika saa kumi na mbili kamili, ile meza ya mabaki inakuwa bado haijaguswa.